Nyumba ya Watu Wote

Msomaji, bila shaka jina la George Orwell si geni kwako. Huenda umekwisha kukisoma kisa chake cha wanyama walioasi, katika tafsiri ya Fortunatus Kawegere, Shamba la Wanyama, iliyotolewa mwaka wa 1967. Lakini mwandishi huyu, aliyezaliwa Bara Hindi mwaka wa 1903 na kufariki London mwaka wa 1950, hakuandika juu ya dola na dhuluma tu. Tarehe 9 Februari 1946 gazeti la Evening Standard la London lilichapa insha yake fupi iitwayo The Moon Under Water, yaani Mwezi Chini ya Maji. Insha hiyo yasifu nyumba ya pombe. Natutazame thamani yake, kisha tuichukue iwe kipimo cha kuupimia mji wetu wa Nairobi.

Kwanza yafaa tulielewe neno lenyewe. Waingereza huiita nyumba hiyo pabu, na jina hilo ni kifupi cha maneno yenye maana ya nyumba ya umma. Si kilabu ya wanachama, wala si hoteli ya wasafiri. Ni mahali ambapo mtu yeyote wa mtaa, awe fundi au karani, huingia, akanunua kinywaji na chakula kidogo, akaketi na jirani zake.

Orwell ataja sifa kumi za pabu aipendayo. Nyumba hiyo i karibu na kituo cha basi, lakini imejitenga katika njia ya pembeni, hata walevi wa ovyo hawaioni. Mbao zake na vioo vyake ni vya kale. Hamna redio wala piano, kwa hiyo watu huweza kuzungumza. Wahudumu wawajua wateja kwa majina. Mezani pana mikate yenye soseji ya ini, na jibini, na achari. Na ghorofani hupatikana chakula cha mchana kwa bei ya kiasi. Nyuma ya nyumba kuna bustani, ambamo mume, mke na watoto huketi pamoja. Baada ya kutuonyesha hayo yote, mwandishi atwambia kwamba nyumba hiyo haipo.

Hapa ndipo penye ustadi wake. Angalitwambia tangu mwanzo kwamba anaota, tungalisoma kwa uvivu. Badala yake atushika mkono, atupitisha chumba kwa chumba, hata tukatamani kuketi. Ndipo tunapotambua kwamba tunakitamani kitu ambacho mji umekosa. Angalia pia, msomaji, kwamba katika sifa zile kumi, chache sana zahusu pombe. Nyingi zahusu mazungumzo, chakula, heshima na familia. Hiyo ndiyo nguvu ya insha: yatufundisha kwamba mahali hupendeza kwa namna watu wanavyotendeana humo, si kwa kile kilichomo katika bilauri.

Hata hivyo insha ina upungufu mmoja, nao ni mkubwa kwetu sisi. Orwell aeleza meza, bilauri na bustani, lakini hasemi neno juu ya mlango. Kwake yeye mlango u wazi, na jambo lililo wazi halihitaji kutajwa. Nairobi mlango haukuwa wazi. Hoteli ya Norfolk ilifunguliwa siku ya Krismasi mwaka wa 1904, na walowezi waliifanya kuwa baraza yao. Mwaka wa 1922 kiwanda cha bia kilianzishwa, na jasho la Mwafrika lilikuwamo katika kazi yake. Lakini sheria ilimkataza Mwafrika kununua bia ya chupa ya namna ya Kizungu hadi mwaka wa 1947. Yeye aliwekewa ukumbi wa pombe wa manispaa kule Pumwani, chini ya macho ya serikali. Katika nyumba za wakubwa aliingia kwa kubeba sinia. Basi nyumba ya umma ilivuka bahari, lakini umma uliachwa nje.

Ubaguzi huo wa sheria umekwisha. Leo, ukifuata barabara ya Ngong kuelekea Karen, waweza kukuta nyumba zinazojitahidi kufanana na pabu za Uingereza: mbao nyeusi, picha za farasi na mbwa wa kuwinda, samaki wa kukaanga na viazi. Si vyote vya kudharauliwa. Mji ulio juu ya mita 1,600 kutoka usawa wa bahari hupata baridi kali mwezi wa Julai, na moto wa kuni ukutani una maana yake. Kosa la nyumba za namna hii ni kwamba aghalabu huiga ngozi na kuuacha moyo. Televisheni hunguruma kwa mpira wa Uingereza, hata jirani hamsikii jirani; na bei husimama mlangoni mahali pa yule askari wa zamani. Mnunuzi hulipia picha ya ujirani, na jirani mwenyewe hayumo.

Sasa geuka uende Satellite, kwenye barabara ya Naivasha. Huko waweza kukuta baa yenye bucha mbele. Mteja huchagua nyama iliyotundikwa, hupimiwa kwa kilo, huchomewa juu ya makaa, kisha hukatiwa juu ya ubao, na chumvi pembeni, pamoja na ugali na kachumbari. Huliwa kwa vidole, watu wanne ubao mmoja. Mhudumu amjua fundi wa seremala, amjua na mwalimu, na aliyefiwa hupewa pole kabla hajaketi. Hamna picha ya farasi hata moja, lakini Orwell angalitambua upesi kwamba amefika karibu na ndoto yake.

Karibu, nasema, si ndani. Muziki wa hapo mara nyingi hushinda redio aliyoichukia. Wanawake huwa wachache kuliko wanaume, na mshahara wa mwezi waweza kuyeyuka kwa usiku mmoja. Juu ya watoto, sheria ya Kenya ya mwaka wa 2010 yakataza kumwuzia pombe aliye chini ya miaka 18. Orwell aliona kwamba kuwafungia watoto nje huwafungia na mama zao, na nyumba hugeuka kuwa pango la kulewa tu. Hoja yake ina uzito. Lakini wazee wa Wagikuyu wa upande huu wa Dagoretti walikuwa na jibu lao la kale: muratina ilinywewa na wazee, kwa sababu maalumu kama mahari, na kijana alingoja zamu yake. Hawakukosa ujirani kwa sababu kijana hakunywa. Kijana alikaribishwa penye nyama na mazungumzo. Kwa hiyo yawezekana kuifungua nyumba bila kulifungua pipa.

Kuna methali isemayo: mwiga tembo hupasuka msamba. Yafaa kukumbukwa na kila aigaye cha watu. Ukiisoma insha ya Orwell, usiitafute katika mbao na vioo. Uliza kwanza ni nani aingiaye, ni nani ajulikanaye kwa jina, na ni nani aliyeachwa nje. Maswali hayo matatu yatakufaa katika kuhukumu hoteli, shule, hata nchi nzima.