Uso wa Mama kwa Makaa: Mchoro wa Albrecht Dürer wa Mwaka 1514

Nilipowaonyesha wanafunzi nakala ya mchoro ambao Albrecht Dürer wa Nürnberg alimchora mama yake, mmoja wao aliutazama kwa muda, kisha akauliza, "Mchungaji, huyu mtoto hakumpenda mama yake?" Darasa likacheka. Swali lenyewe, hata hivyo, halikuwa la kuchekwa, nami nimelibeba tangu siku ile.

Mchoro wenyewe umehifadhiwa Berlin. Ni karatasi yenye urefu wa sentimita 42 hivi na upana wa 30. Dürer aliandika juu yake mwaka, 1514, na siku, Jumapili ya Oculi, yaani ya tatu katika Kwaresima, ambayo mwaka ule iliangukia tarehe 19 Machi. Akaongeza kwamba huyu ni mama yake, mwenye umri wa miaka 63. Baadaye yaliongezwa maneno mengine kwa wino, yanayotaja kufa kwake mwezi Mei mwaka uleule.

Yafaa tuanze na makaa. Chaki nyeusi wachoraji wa zamani waliipata kwa kuichimba ardhini. Makaa ya kuchorea ni kijiti kilichochomwa pasipo hewa ya kutosha. Kila mama wa nyumbani huku Kashozi aijua tabia ya makaa: hushika kidole upesi, na hufutika upesi. Kwenye karatasi hayazami. Hukaa juujuu kama vumbi. Lakini yakikandamizwa hutoa mstari mzito, na yakipitishwa kwa wepesi huacha kivuli cha kijivu. Dürer, ambaye mwaka huohuo alichonga kwenye shaba picha yake mashuhuri ya Melencolia I kwa mistari myembamba mno, hapa alichagua zana isiyoruhusu urembo wa namna ile.

Tazama basi alivyoigawa nguvu ya mkono wake. Kitambaa cha kichwani amekipitia kwa mistari mipana ya haraka, kama mtu asiye na haja ya kukawia hapo. Kwenye paji la uso amefuata makunyanzi, moja baada ya jingine. Mashavu yamebonyea, midomo imefungwa, na shingoni kano zimesimama hadi kwenye mitulinga. Macho ni makubwa, na jicho moja halifuati lenzake.

Nakiri kwamba hapa hubiri zima lilinijia kichwani, maana jina la Oculi latokana na Zaburi 25:15, ambapo mtunga zaburi asema macho yake humwelekea Bwana. Nililiacha. Dürer aliandika tarehe kama watu wa wakati wake walivyoandika, kwa kalenda ya Kanisa, na jicho lile ni jicho la mama mgonjwa kabla halijawa fundisho letu.

Mama huyo, Barbara, alizaa watoto 18, na waliofikia utu uzima ni watatu tu. Aliugua vibaya mwaka 1513, akaishi na ugonjwa zaidi ya mwaka mmoja. Alipokufa, mwanawe aliandika kumbukumbu yake: maradhi, umaskini na dhihaka alizovumilia, na jinsi alivyofunguliwa dhambi na adhabu kwa mamlaka ya Papa. (Ilikuwa miaka mitatu kabla ya hoja 95, tusome kwa upole.) Kisha akaandika jambo la kushangaza, kwamba katika mauti uso wake ulipendeza kuliko alipokuwa hai.

Kwa hiyo Dürer aliuona pia uso ule wa pili, uliotulia, akausimulia kwa maneno. Uso tulio nao kwa makaa ni ule wa Machi, wa mama aliyekuwa akiumwa na bado akiishi. Wapo wanaouita mchoro huu somo la uzee au onyo la mauti. Siafiki. Somo la uzee halina mwana anayeandika kwamba huyu ni mama yake, wala halihesabiwi miaka.

Nilikulia Kashozi katika miaka ya tisini, ukimwi ulipokuwa ukizimaliza nyumba za Bukoba na Muleba. Picha iliyowekwa juu ya jeneza ilikuwa karibu daima ya zamani, ya arusi au ya kipaimara, mashavu yamejaa. Siwalaumu waliozichagua, ilikuwa heshima, na pengine kinga dhidi ya midomo ya watu. Lakini bibi yangu, aliyewauguza wanawe wawili, hakubaki na picha hata moja ya nyuso alizoziosha kila asubuhi mwaka ule wa mwisho. Nyuso hizo nazo alizipenda.

Nilimjibu mwanafunzi kwa kumwomba afikiri juu ya kazi yenyewe. Hakuna awezaye kuyafuata makunyanzi hivyo asipokaa karibu na mgonjwa, naye mgonjwa akakubali kutazamwa. Hakuridhika. Alisema mama yake mwenyewe asingekubali kamwe kuchorwa namna ile, na huenda ni kweli.