Mboji, Mbolea na "Maji ya Dhoruba"

Miongoni mwa istilahi zinazoenea katika tafsiri za kitaalamu kuhusu mazingira, tatu zatutia shaka: "maji ya dhoruba", "miundombinu ya kijani" na "mbolea vunde". Tunazipima hapa kwa kuzipeleka Marangu, kwenye miteremko ya Kilimanjaro, ambako jambo lenyewe lilitendwa kabla halijapewa jina la kigeni.

"Maji ya dhoruba" ndiyo mbovu kuliko zote. Dhoruba ni upepo mkali, hasa wa baharini; manahodha waijua. Maji yanayochimba makorongo shambani Marangu ni ya masika, nayo yaweza kunyesha bila upepo wowote. Tuseme "maji ya mvua yatiririkayo", ijapokuwa ni marefu.

"Miundombinu ya kijani" imetafsiri rangi ikaacha kazi. Msomaji wa kijijini atadhani ni daraja lililopakwa rangi! Hali kihamba cha Wachagga kinaieleza kazi hiyo waziwazi: miti mirefu juu, migomba na kahawa chini yake, magimbi chini kabisa, na udongo umefunikwa majani makavu. Tone la mvua huvunjwa nguvu mara kadhaa kabla ya kugusa ardhi, na udongo ulioshiba mboji huyanywa maji badala ya kuyaacha yakimbie. FAO iliutambua mfumo huo, huko Shimbwe Juu, mwaka 2011. Sisi twapendekeza "kinga hai ya maji".

Lakini neno lenye hatari ni la tatu. Mtu akisikia "mbolea" hufikiri mavuno, naye huongeza. Mboji ya kupunguza kasi ya maji, iwe imechanganywa na udongo wa kingo za barabara au imejazwa katika mifuko mirefu inayolazwa kukingama mteremko, ikizidi au ikiwa haijaiva, nitrojeni na fosforasi zake huchukuliwa na maji hadi mitoni. Mfasiri aliyeandika "mbolea" amemwelekeza bwana shamba kuuchafua mto aliotaka kuulinda. Nalo "vunde" lanukia uvundo, wala halisemi lolote juu ya kuiva.

Wako watakaotupinga kwamba mboji ni ile inayojifanya yenyewe msituni. Ni kweli. Basi iliyotengenezwa na watu iitwe "mboji ya kuvundikwa". Kitenzi hicho hakihitaji maelezo kwa watu wanaovundika ndizi, na ndani yake mna wazo la kufunika na kungoja mpaka kitu kiive.