Mtu wa Chini ya Msumeno

Nilipokuwa mdogo kule Kilosa, kabla misumeno ya injini haijapanda milimani, mbao zilipasuliwa na watu wawili. Gogo lililazwa juu ya jukwaa la miti, mmoja akapanda juu yake, mwingine akabaki chini. Wa juu ndiye aliyefuata mstari uliopigwa kwa kamba yenye unga mweusi wa betri kuukuu. Wa chini hakuuona mstari. Kazi yake ilikuwa kuvuta, maana msumeno ule hukata unaposhuka, na kila akivuta vumbi la mbao lilimwangukia usoni. Ubao ukitoka umenyooka, alisifiwa wa juu. Ukitoka umepinda, waligombana wote wawili.

Nimewakumbuka wapasua mbao hao kwa sababu ya Mjerumani mmoja wa kwenye barafu.

Robin Szolkowy alizaliwa Greifswald, katika Ujerumani Mashariki ya wakati ule, Julai 1979. Mama yake ni Mjerumani, baba yake Mtanzania. Akiwa na Aljona Savchenko, mzaliwa wa Ukraine, alikuwa bingwa wa dunia wa kuteleza kwenye barafu kwa jozi mara 5: 2008, 2009, 2011, 2012 na 2014. Miaka ile 2 ya katikati, 2010 na 2013, walichukua fedha. Yaani kwa miaka 7 mfululizo dunia nzima haikuwashusha chini ya nafasi ya pili. Wana pia shaba 2 za Olimpiki, ya Vancouver 2010 na ya Sochi 2014. Vijiweni kwetu nimesikia wakitajwa mabondia, wakimbiaji, hata wacheza mpira wa kikapu wa mbali. Jina hili sijalisikia hata siku moja.

Nililitaja mwenyewe, Mikumi, usiku mmoja basi lilipoharibika tukangoja fundi mpaka alfajiri. Mikumi si mahali pabaya pa kukwama. Malori ya Zambia yamepangana, chipsi zinakaangwa, na mtu akitoa simu yenye video hakosi watazamaji. Nikawaonyesha Savchenko na Szolkowy.

“Huyo jamaa mweusi wa wapi?” akauliza utingo mmoja.

“Baba yake Mtanzania.”

“Kabila gani?”

Ndilo swali letu. Sikuwa na jibu, na dereva wake akamkata: “We angalia mchezo.” Tukaangalia. Na wote, nami nikiwemo nilipoanza kuutazama mchezo huu, macho yalikwenda kwa mwanamke. Ndivyo ulivyoundwa. Ndiye anayerushwa, anayezunguka hewani, anayening'inia juu kwa mkono mmoja huku nguo ikimeremeta. Mwanaume huvaa nguo za rangi iliyopoa, na akifanya kazi yake vizuri unamsahau.

Jaribu kumtazama yeye tu, programu ndefu nzima. Utaona mchezo mwingine kabisa.

Chukua ule mzunguko wanaouita wa kifo. Mwanaume huchimba ncha ya kiatu kwenye barafu, akakunja magoti kama anayeketi juu ya kigoda ambacho hakipo, kisha akamzungusha mwenzake kwa mkono mmoja. Mwanamke analala karibu sambamba na barafu, kichwa kikiwa chini kuliko goti la mwanaume, mwili wote ukibebwa na ukingo mmoja wa chuma cha kiatu. Mtazamaji anaona nywele zinazokaribia kufagia barafu. Mimi naangalia lile goti. Mwanaume akiinuka kabla ya wakati, mwenzake anapoteza mzunguko. Akishuka mno, anamlaza chini. Szolkowy alikuwa akishuka polepole na kwa kipimo kimoja, hata huoni alipoanza, mpaka ukute ameshafika.

Kuna kumrusha na kumdaka. Mwanamke hupelekwa juu, akazunguka mara tatu amelala hewani, kisha akadakwa kiunoni kabla mguu haujagusa barafu. Kinachotenganisha jozi nzuri na ya kawaida ni mikono ya mwanaume inaporudi. Ya kawaida hupokea mzigo kifuani, kama mtu aliyerushiwa gunia la mahindi kutoka juu ya lori. Iliyo bora hukutana na kiuno kungali na nafasi kati ya miili miwili, ikashuka nacho.

Halafu kuna kurusha bila kudaka, na hapo ndipo penye ufundi ambao maneno yetu yanausema vibaya. Tunasema anamrusha. Ukweli ni kwamba mwanamke anaruka mwenyewe na mwanaume anamwongezea, kisha anamwachia. Siri iko kwenye kuachia. Vidole vikichelewa kidogo tu, mhimili wa mwanamke unainama, na atatua meta kadhaa mbele akiwa ameshaharibikiwa hewani. Savchenko na Szolkowy walikuwa na mruko uitwao Axel wa kurushwa, wa mizunguko mitatu na nusu. Nusu hiyo inatokana na kwamba Axel huanza mtu akiwa ametazama mbele. Sochi 2014 waliuweka mwishoni kabisa mwa programu, miguu ikiwa imekwisha. Savchenko akaanguka. Wengi wanasema ulikuwa uamuzi mbaya, na medali zinawapa haki. Mimi nawapenda zaidi kwa uamuzi huo.

Lakini jambo lililomfurahisha yule utingo halikuwa hata moja kati ya hayo. Lilikuwa pale wanapozunguka kila mmoja peke yake, wakiwa sambamba, bila kushikana. Nikamwambia kwamba wachezaji wengi wa jozi huitana kwa sauti hapo, neno moja fupi la kubadilisha mguu au mkao, ili wasipishane. Akaruka: “Kama mimi nikimrudisha nyuma huyu! Njoo, njoo, kata kulia, weka hapo!” Dereva akacheka, akasema siku utingo akiwa na mafua wanagonga. Mama zetu nao wakitwanga wawili kwenye kinu kimoja huguna kwa zamu, na mguno ule si uchovu peke yake. Ndio saa yao.

Savchenko na Szolkowy walianza pamoja mwaka 2003, Chemnitz, chini ya kocha Ingo Steuer. Ubingwa wa dunia ulikuja 2008. Miaka 5 kwa watu ambao kila mmoja alikwisha kuwa mchezaji hodari kabla ya kukutana! Sababu yake mtu wa Kilosa anaweza kuielewa haraka kuliko wengine. Reli ya tawi inayotoka kwetu kupitia Mikumi hadi Kidatu ina upana wa milimita 1,000. Ya TAZARA ina 1,067. Zinakutana Kidatu, na kwa sababu ya milimita 67, upana usiofika hata vidole vinne vya mkono, behewa la huku haliwezi kupita kule. Lazima mzigo uhamishwe. Mchezaji aliyefundishwa Kyiv na mwingine aliyefundishwa Ujerumani wana tofauti ya namna hiyo: goti linakunjwa mapema kidogo, bega linafunguka baadaye kidogo. Kila kitu kinafanana na hakuna kinachoingiana. Miaka hiyo 5 waliitumia kusogeza reli.

Msimu wa Olimpiki ya Vancouver walicheza kwa muziki wa filamu ya “Out of Africa”, aliouandika John Barry, filamu ya hadithi ya Karen Blixen na shamba lake Kenya. Sijui kama mtu aliyeketi ukumbini alifikiri kuhusu baba wa Szolkowy. Nami sipendi kuivuta mno kamba hiyo. Mtu huyu amefinyangwa na barafu ya Chemnitz, na sisi hatukumnunulia hata jozi moja ya viatu. Vancouver hiyohiyo walikuwepo pia Vanessa James na Yannick Bonheur wa Ufaransa, jozi ya kwanza ya watu weusi wote wawili kucheza Olimpiki. Mchezo una watu wetu wengi kuliko tunavyodhani.

Na hatuna haja ya barafu ili kuujua ufundi wa wawili. Fadhili Ramadhani na Ibrahim Jobu, wanasarakasi wetu wanaojiita Ramadhani Brothers, walishinda shindano la vipaji la Marekani, “America's Got Talent: Fantasy League”, Februari 2024, mmoja akisimama kichwa chini miguu juu, utosi wake juu ya utosi wa mwenzake. Wengi walimpigia makofi wa juu. Mtu aliyewahi kuona mbao zikipasuliwa anatazama shingo ya wa chini.

Sasa hali ya mchezo wenyewe. Jozi zimepungua, na pengo linaonekana. Warusi, waliokuwa shina la mchezo huu kwa miongo mingi, walifungiwa mashindano ya kimataifa kuanzia Machi 2022, mara tu baada ya Wachina Sui Wenjing na Han Cong kuwapita kwa pointi 0.63 kwenye Olimpiki ya Beijing. Tangu hapo ubingwa wa dunia umezunguka: Wamarekani Alexa Knierim na Brandon Frazier 2022, Wajapani Riku Miura na Ryuichi Kihara 2023, wa kwanza wa taifa lao, kisha Kanada 2024, kisha Miura na Kihara tena, Boston 2025, wakiwazidi Wajerumani Minerva Hase na Nikita Volodin kwa pointi 0.71.

Wapo wanaosema ubora umeshuka. Katika ugumu wa miruko, labda. Lakini namtazama Miura, mwenye sentimita 145, akikimbia juu ya barafu kwa kasi ileile ya Kihara mwenye sentimita 175, hatua zao zikilingana bila yeye kuonekana anamfukuza, na siamini kwamba ufundi umekufa. Walikutana 2019, Kihara akiwa karibu kuachana na mchezo. Na yule bingwa wa dunia wa 2024 kutoka Kanada, Deanna Stellato-Dudek, mwenzake Maxime Deschamps, alikuwa na umri wa miaka 40. Aliwahi kustaafu akiwa binti kwa sababu ya majeraha, akakaa nje miaka 16, akarudi. Wakati huohuo umri wa chini wa kushindana na wakubwa umepandishwa kutoka miaka 15 hadi 17. Mchezo unaanza kuwa wa watu wazima, nami naona ni heri. Mtoto wa miaka 15 anaweza kuruka. Kuaminiana kunachukua muda mrefu zaidi.

Upungufu mkubwa, kwa jicho langu, ni wa watu wa chini. Kijana anayeweza kuruka peke yake ana sababu gani ya kwenda kujifunza miaka 5 namna ya kuachia vidole, ili asifiwe mwingine? Ndiyo maana jozi nyingi sasa zinaungwa kutoka nchi mbili, pasipoti zikibadilishwa: mataifa yanaazimana wavutaji.

Szolkowy aliacha kushindana 2014 akageuka kocha. Pyeongchang 2018 alikuwa upande wa Evgenia Tarasova na Vladimir Morozov, waliomaliza wa nne. Savchenko akachukua dhahabu siku hiyo na mwenzake mpya, Bruno Massot, kwa tofauti ya pointi 0.43. Ile dhahabu ambayo Szolkowy hakuipata aliitazama ikivaliwa na yule aliyemwachia hewani kwa miaka 11.

Fundi alimaliza basi saa kumi na moja alfajiri. Yule utingo alikuwa amenitumia namba yake nimrushie ile video. Nikamwandikia achague ile ya Saitama, Machi 2014, ubingwa wao wa tano na shindano lao la mwisho, na aitazame mara mbili: mara ya pili aufunike upande wa mwanamke kwa kiganja.