Mgeni wa Siku Saba

Mwaka jana nililipwa kuandika matangazo ya mafungo. Si yale ya Wakatoliki, ya kukaa kimya na rozari mkononi. Haya yalikuwa ya wanawake Weusi wa Marekani, siku saba kwenye pwani ya kaskazini ya Jamaika: yoga alfajiri, masaji mchana, maji ya madafu, na jioni kuketi duara na kulia pamoja. Mimi Jamaika sijawahi kufika. Ndege yenyewe sijawahi kupanda. Nilikuwa kwa nyumba yangu Kayole, stima imepotea, simu iko asilimia kumi na mbili, na ninaandika: "Dada, umerudi nyumbani."

Pesa iliingia. Tangu niache chuo mwaka wa pili, kazi za namna hiyo ndizo hunilipia nyumba, kwa hivyo sitajifanya mtakatifu. Ila hiyo sentensi ilikataa kunitoka kichwani. Nyumbani kwa nani?

Kabla ya kuandika nilikuwa nimesoma simulizi nyingi za wanawake waliotoka kwenye mafungo kama hayo, ili nishike lugha yao. Ukishasoma tano, ya sita unajua itaishaje. Mwanamke amechoka. Ofisini ndiye Mweusi pekee, nyumbani ndiye nguzo, kanisani ndiye mweka hazina. Anapanda ndege. Anaingia baharini na gauni jeupe. Analia, wenzake wanamshika, anarudi mtu mpya. Ni rahisi kucheka, na kusema kweli nilicheka, lakini uchovu wenyewe si wa kuigiza. Mtu aliyefundishwa tangu utotoni kwamba kazi yake ni kuwa na nguvu, akipata wiki moja kati ya watu ambao hawaombi kumshika nywele, acha alie anavyotaka. Sina ugomvi naye. Ugomvi wangu ni na hadithi anayouziwa, ambayo nilisaidia kuiuza. Ndani yake vitanda hujitandika vyenyewe.

Nilitumiwa picha nichague. Iliyokuwa nzuri kuliko zote ilikuwa ya wageni watatu wanaocheka kando ya bwawa la kuogelea, na pembeni kabisa, mkono ulioshika taulo zilizokunjwa. Mkono tu, na upindo wa sare ya buluu. Mwenye mkono alikuwa amekatwa nje ya picha. Rangi yake na ya wale wageni haikuwa na tofauti yoyote. Niliichagua hiyo, nikaandika chini yake maneno fulani kuhusu udada.

Mama yangu alitandika vitanda kwenye hoteli moja ya ufuoni kule Diani kwa miaka kumi na moja. Pengine ndiyo maana niliuona huo mkono. Pengine pia ndiyo maana nilijifanya sikuuona.

Kumbe haya mambo yalishaandikwa kabla sijazaliwa, tena na mwanamke Mweusi aliyekuwa likizoni. June Jordan, mshairi wa New York ambaye wazazi wake walitoka Jamaika, alikaa kwenye hoteli kubwa mjini Nassau, na insha yake ya 1982 inaitwa "Report from the Bahamas". Anaanza na brosha ya hoteli: mhudumu Mweusi, suti nadhifu, sinia la vinywaji begani, amesimama ndani ya maji ya bahari na viatu vyake. Halafu anageukia chumba chake mwenyewe. Anayekisafisha anamjua kwa jina moja tu lililo kwenye kadi: Olive. Na hapo ndipo Jordan ananishinda kwa ujasiri. Yeye ni Mweusi, ni mwanamke, siasa anaifikiria kila siku, lakini hajidanganyi kwamba yeye na Olive wako upande mmoja wa kaunta. Hata akienda kununua vikapu anapigania bei na wanawake wanaoviuza, na anajitazama akifanya hivyo.

Jordan hamrushii Olive udada wa bure. Anauliza udada huo ungetoka wapi, na mbele kidogo anatupa mfano wa wanafunzi wawili wa kike, mmoja wa asili ya Ireland, mwingine kutoka Afrika Kusini, ambaye anapigwa na mume mlevi. Yule wa kwanza anaijua shida ya pombe kutoka kwao, na ndiye anayejitokeza kumsaidia mwenzake. Kufanana rangi hakukufanya kazi hiyo. Mtu aliamua kumfanyia mwenzake kitu. Nilipomaliza kusoma nilikumbuka neno "dada" nililolitandaza kwenye tangazo zima kama siagi, nikaona aibu.

Ukitaka kujua simulizi ya mafungo inafanana na nini katika fasihi, soma Praisesong for the Widow, riwaya ya Paule Marshall ya 1983. Avey Johnson, mjane wa miaka sitini na kitu, mwenye pesa zake, anaikimbia meli ya kitalii huko Grenada bila kuelewa vizuri kwa nini. Anakutana na mzee anayeitwa Lebert Joseph, naye anamshawishi wavuke hadi kisiwa kidogo cha Carriacou. Kila kitu kimo: uchovu, bahari, kuoshwa, ngoma, kurudi mtu mwingine. Watu wa matangazo wangeipenda sana, ila wangekata sehemu ya mashua. Maana huko baharini Avey anatapika na kujichafua mbele ya watu. Hakuna mishumaa ya kunukia hapo. Na anayemwosha baadaye ana jina, Rosalie Parvay, binti wa Lebert.

Mgeni siku mbili, ya tatu mpe jembe. Carriacou wanampa Avey jembe. Anapelekwa kwenye ngoma ambako watu huwaomba mababu msamaha na kila mmoja hucheza ngoma ya taifa lake la kale la Afrika, na haruhusiwi kubaki mtazamaji milele. Anaingia kwenye duara kwa hatua alizoziona utotoni Carolina Kusini. Kisha anarudi kwao na kazi: kuuza ile nyumba yake ya fahari na kuwapa wajukuu hadithi aliyopewa na mzee wake. Mafungo niliyoyauza mimi ni ya siku saba, na hakuna jembe hata moja kwenye ratiba. Nampenda Marshall, lakini hata yeye namlaumu kidogo. Rosalie anamwosha na kumkanda Avey mpaka Avey anafunguka. Uchovu wa Rosalie mwenyewe hatuuoni.

Aliyeuona uchovu huo ni Mjamaika, Nicole Dennis-Benn, katika Here Comes the Sun ya 2016. Margot anafanya kazi hotelini Montego Bay na usiku anauza mwili kwa wageni ili mdogo wake Thandi asome. Kuna mengi ndani ya kitabu hicho, lakini mimi nilisoma karo, karo, karo. Tipu zilizoachwa juu ya mto kule Diani ndizo zilikuwa karo yangu. Wageni walipopungua, mama aliambiwa apumzike, na chuo kikaishia hapo.

Halafu kuna Audre Lorde. Ile sentensi yake kuhusu kujitunza, inayochapwa kwenye vikombe na fulana, imetoka A Burst of Light, kitabu cha 1988. Niliitia kwenye tangazo bila kujua kwamba aliiandika akiwa na saratani ya ini. Wala sikujua kwamba alihamia kisiwa cha Karibiani kwelikweli, St. Croix, kimbunga Hugo kilipokipiga mwaka 1989 alikuwa hapo, akaishi siku za kukosa umeme kama majirani, na hapo ndipo alipofia mwaka 1992. (Mwaka huohuo wa 1988 Jamaica Kincaid alitoa A Small Place, anamgombeza mtalii wa Antigua kwa "wewe, wewe" mpaka mtu unataka kujificha. Ila mtalii wake ni Mzungu, kwa hivyo wateja wangu wangeweza kukisoma ufuoni bila wasiwasi.)

Nilimwandikia mteja wangu nikapendekeza mstari mmoja tu: jina la yule mwanamke wa taulo, akikubali litumike. Alinijibu kwa upole mwingi, na alama za moyo, kwamba hiyo ingewatoa wageni kwenye utulivu. Picha bado ipo. Maneno yangu pia.

Jumapili nilimsimulia mama habari za Olive kwenye simu. Alisikiliza hadi mwisho, halafu akauliza, "Alikuwa na vyumba vingapi kwa siku?"

Nikamwambia sijui, mama.

"Mimi nilikuwa na kumi na nne," akasema.