Ngazi ya utalii tunayopewa inaanzia juu



Kila mwaka matokeo ya Exetat yakitoka, kijana wa Kirolirwe aliyefaulu anaitwa na wakubwa, anaambiwa: somea utalii. Sababu wanaionyesha kwa kidole: milima hii ya malisho, na Virunga iko pale nyuma. Halafu anachorewa ngazi: lisansi ya usimamizi wa utalii, masta, kisha umeneja. Ng'ombe anauzwa, minervali inalipwa. Mimi niliipanda ngazi hiyo, njo maana leo nataka kuikosoa.

Kosa lake kubwa ni mpangilio. Inamfundisha mtu kusimamia kazi ambayo mikono yake haijafanya hata siku moja. Nilijua kuchora organigrama ya hoteli nzima na kueleza utalii endelevu kurasa kumi, mbele ya kujua kutandika kitanda cha mgeni. Staji yangu ilikuwa ya mwezi mmoja, katika hoteli moja ya mjini. Nilipiga fotokopi, nikatumwa kununua uniti za simu, nikapewa cheti chenye muhuri mzuri sana. Jikoni niliingia siku ya mwisho, tena kwa kuaga.

Sasa angalieni Nairobi. Kenya Utalii College ilifunguliwa mwaka 1975 kwa msaada wa Uswisi, na pamoja na madarasa iko na Utalii Hotel, hoteli ya kweli yenye wageni wanaolipa. Pale mwanafunzi akikosea supu, anaikosea mbele ya mtu aliyeilipia. Hicho hakuna prof anayeweza kukiandika ubaoni. Meneja anayetoka hapo anajua mpishi anadanganya wapi na stoku inapotelea wapi.

Mtaniambia: ile ni pesa ya Uswisi, sisi tuko Masisi. Sawa. Lakini kumpokea mtu, kuhesabu stoku, kuweka nyama isiharibike, hayo hayangoji jengo la ghorofa. Na tunayo njia ambayo tunaidharau wenyewe: sekondari ya ufundi, sehemu ya hoteli na restora. Mtoto akisema anaenda huko, watu wanacheka: "Unasoma ili uwe mpishi?" Ndiyo, awe mpishi kwanza! Lisansi ataifanya baadaye, akiwa na maswali ya kuuliza.

Halafu kuna jambo ambalo wakubwa hawapendi kulizungumza. Virunga ilianzishwa 1925, ikaingia urithi wa dunia wa UNESCO mwaka 1979, na tangu 1994 iko kwenye orodha ya urithi ulio hatarini. Mwezi wa tano 2018 mlinzi wa kike aliuawa na watalii wawili Waingereza wakatekwa. Mbuga ikafungwa kwa wageni. Ikafunguliwa mwezi wa pili 2019. Mwezi wa tatu 2020 ikafungwa tena, safari hii kwa sababu ya korona. Hesabuni: promosheni iliyoingia gradua mwishoni mwa 2017 iliona geti likifungwa mara mbili ndani ya miaka yake mitatu. Vita iliyofuata mnaijua, sina haja ya kuwasimulia.

Ng'ambo ya mpaka, Rwanda ilipandisha kibali cha kuona sokwe hadi dola 1,500 mwaka 2017, wakati kwetu kilikuwa dola 400. Milima ni ileile ya volkano. Mgeni analipia usalama, barabara na mtu anayemjibu kwa Kiingereza, na sisi TFC tunaandika kwa Kifaransa.

Kwa hiyo sisemi filiera zifungwe. Nasema masomo ya utalii kwetu lazima yamfae mtu hata geti likiwa limefungwa. Anayejua jiko, hesabu na lugha atapata kazi kwenye kantini, kwenye nyumba ya wageni, kwenye karakana ya fromaji (fromaji ya Masisi inaliwa Goma kila siku, hata watalii wasipokuja). Anayejua organigrama tu atabaki kwetu kwenye mawe, akingoja amani pamoja na sisi wengine. Mbele ya kulipa, ulizeni chuo: staji ni wiki ngapi, katika idara gani, na nani anamsimamia mwanafunzi huko? Wakikuonyesha muhuri tu, rudisha pesa mfukoni.

Mdogo wangu amepata diploma mwaka huu. Mzee ameshachagua ng'ombe wa kuuza. Nimemwomba angoje kidogo, kijana akae kwanza miezi mitatu jikoni kwa yule mama wa restora ya barabarani, hata bila mshahara. Mama amekubali. Mzee hajanijibu.