'Nyembamba' ya unene au ya upana?

WIKI jana hapa Ogembo, mwanafunzi wa kidato cha nne aliniletea makala ya sayansi iliyotafsiriwa kwa Kiswahili, isiyotaja mtafsiri. Alikuwa amekwama kwenye sentensi hii: 'Filamu ya kaboni ikifanywa nyembamba zaidi, mkondo wake wa umeme huweza kuzimwa.'

"Mwalimu, ni filamu gani hii? Ya sinema?" akaniuliza.

Hilo la filamu ni jepesi. Kiswahili kina 'utando', kama ule wa maziwa yaliyopoa. Kosa kubwa limejificha katika 'nyembamba'. Kivumishi hiki twakitumia kwa karatasi isiyo na unene, na pia kwa njia isiyo na upana. Katika maongezi haidhuru. Kwenye fizikia ya kaboni, yanapotosha.

Hebu tazama. Grafiti, ile nyeusi ya penseli, ni matabaka ya kaboni yaliyolaliana. Mwaka wa 2004, Andre Geim na Konstantin Novoselov wa Chuo Kikuu cha Manchester walieleza jinsi walivyobandua tabaka moja kwa utepe wa gundi wa kawaida. Walipata Tuzo ya Nobel ya Fizikia mwaka wa 2010. Tabaka hilo, yaani grafini, lina unene wa atomi moja tu; milimita moja ya grafiti ina matabaka kama milioni tatu. Hupitisha umeme vizuri ajabu, lakini halizimiki, kwa kuwa halina mwanya wa nishati wa kuzizuia elektroni. Transista isiyozimika ni sawa na taa isiyo na swichi.

Dawa mojawapo ni kulikata tabaka liwe ukanda wenye upana wa nanomita chache. Hapo mwanya hufunguka. Kinachosaidia ni kupunguza upana, si unene. Msomaji wa ile sentensi ataenda akibandua matabaka hadi la mwisho, kumbe hilo la mwisho ndilo lisilozimika!

Mimi ningeandika: 'Utando wa kaboni wa tabaka moja ukikatwa kuwa ukanda wenye upana mdogo mno, mkondo wake wa umeme huweza kuzimwa.'

Mwanafunzi alicheka aliposikia 'tabaka', maana Tabaka, kwa wachongaji wa mawe laini ya Kisii, si mbali na hapa. Vyema, neno hilo hatalisahau.

Wapo wanaodai eti Kiswahili hakitoshi kwa sayansi. Kweli, Kamusi Sanifu ya Biolojia, Fizikia na Kemia ya TUKI ilitoka mwaka wa 1990, kabla ya ubanduzi huo. Lakini hapa maneno yote yalikuwepo: utando, tabaka, ukanda, unene, upana. Mtafsiri ndiye hakujiuliza, 'Nyembamba kivipi?' Kijana atakayeingia kwenye mtihani na sentensi ile kichwani atapoteza alama, kisha akilaumu Kiswahili.