Binti Anayeitwa Watu

Hadithi za mapenzi ya vijana ninazosoma hazikosi baba mkali. Mzee ni simba, ni ukuta, ni askari jela. Msichana ni ndege tunduni, na mpenzi wake ndiye mwenye ufunguo. Tamathali hizi zinaeleweka haraka, lakini zinatuibia kitu. Simba haulizwi kwa nini ananguruma.

Grace Ogot, mzaliwa wa Asembo kando ya Ziwa Victoria, alipita njia nyingine katika "The Rain Came", iliyomo kwenye mkusanyiko wake Land Without Thunder wa 1968. Ukame umebana. Mganga anamwambia chifu Labong'o kwamba mvua itanyesha tu akimtoa binti yake wa pekee, Oganda, awe kafara kwa zimwi la ziwani. Oganda anaona wakubwa wakikutana na kumzungumzia, anadhani anatafutiwa mume. Moyo unamwenda kwa Osinda.

Hapo ndipo Ogot ananimaliza. Harusi na kafara zina sura moja: karamu, ngoma, binti anaondoka kwao. Hasemi popote kwamba kuozwa bila kuulizwa ni kama kufa. Anatuacha tu tumtazame msichana akichanganya hayo mawili.

Na Labong'o? Analia. Lakini ni chifu kwanza, baba baadaye. Ukali wake ni sauti ya kijiji kizima. Jina lenyewe linadokeza. Ogot anaeleza kwamba Oganda maana yake ni maharagwe, jina alilopewa kwa weupe wa ngozi yake. Ila msomaji wa Dholuo anajua neno hilo, likiandikwa vilevile, ni umma pia. Anayetolewa kwa ajili ya watu anaitwa Watu.

Osinda anamfunika kwa vazi la majani, wanatoroka. Hata hapo Oganda bado anaogopa macho ya mababu. Halafu mvua inanyesha, kafara haijafika. Ogot hatuambii nani alikuwa sahihi, na mimi naona hiyo ndiyo heshima aliyowapa wote wawili, baba na binti.

Kwa hivyo wewe unayeandika kuhusu mzee wako wa Kondele ama Nyalenda, acha kumpa mkia wa simba. Uliza anaogopa ukame gani: karo, majirani, kanisa? Kuna mganga anayemnong'onezea. Mwandike huyo pia.